Uso wa Nyanjige

Kijiji cha Ngulyati,
Bariadi, Simiyu.
9 Juni, 2025

Mpendwa shemeji yangu Minza,

Anayekuandikia ni mimi Masunga, miaka themanini na moja, na bado nalima. Nimeishi kuliko kaka zangu wote, kuliko njaa ya mwaka sabini na nne, kuliko waganga wawili walionitabiria kufa. Na nimeishi kuliko dada yako Nyanjige, jambo ambalo sikuliomba.

Mwangaluka, mayu. Habari za huko Mpanda, habari za mzee mwenzangu mumeo, habari za ng'ombe? Goti lako lile linakuacha utembee? Sisi tunaendelea. Mimi ni mzima, ila jicho moja lina ukungu. Hata hivyo namtambua ng'ombe wangu kwa mbali kabla ya hawa vijana wenye macho yote. Jenifer, yule binti wa mwanangu Mabula anayenipikia, hajambo, ila mdomo wake umekuwa mrefu.

Simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka mama wa kwenye simu ameninunia. Jenifer alitaka aniandikie yeye barua hii, nikakataa. Mimi nilimaliza kisomo cha watu wazima na mwalimu alinisifu mbele ya mkutano. Kwa hiyo herufi zikilala, wewe zinyanyue. Atakayekuletea ni Selestini, mtoto wa jirani, lori lake linakuja huko kufuata mpunga.

Matobolwa mwaka huu yamekauka vizuri, viazi tulivyochemsha vilikuwa vitamu. Pamba si mbaya. Yangu ni nzuri kuliko ya wengine, lakini hilo wewe unalijua.

Sasa nikueleze. Unaikumbuka ile picha tuliyopigwa mnadani, mwaka ule pamba ilipokubali? Mpiga picha alikuja, na kila mtu akaazima cha kuazima ili aonekane mtu. Mimi niliazima saa. Nyanjige aliazima viatu vyako, ndiyo maana wewe ukajificha nyuma ya baiskeli, usionekane miguu mitupu. Nilimwambia acheke kidogo. Akasema yeye hachekei sanduku la mpiga picha.

Tangu tumzike, nimekuwa nikinywa uji na picha ile. Kila asubuhi naiegemeza kwenye kibuyu cha maziwa, naisalimu mwangaluka, natafuna matobolwa yangu taratibu kwa meno yaliyobaki, namweleza dada yako ng'ombe gani kazaa na nani kaniudhi. Watu wanadhani mzee anataka makubwa. Mimi kengele ya ng'ombe ikisikika inatoka zizini, uji ukiwa na moto wake, na ule uso ukinitazama kama nimechelewa shambani, basi siku yangu imekaa sawa.

Mwezi uliopita nikakuta mchwa wameingia kwenye sanduku la picha. Mchwa mimi simchezei. Pamba yangu haijawahi kuliwa na funza, kijiji kizima kinajua, kwa sababu siogopi dawa. Nikachukua dawa ya pamba iliyokuwa imebaki, sikuizimua na maji mengi kama wafanyavyo waoga, nikaitia kwenye bomba, nikazipulizia picha zote mbele na nyuma kama ninavyopulizia vitumba vya pamba. Kisha nikazianika juani, kwenye kichanja cha pamba. Mchwa walikufa, hilo ulijue. Hakupona hata mmoja.

Niliporudi kuzigeuza, nyuso zilikuwa zimetiririka.

Nikaanza kuzichambua kama tunavyochambua pamba, safi huku, fifi huku. Upande wa fifi ukajaa. Upande wa safi ilibaki moja tu, ile yangu ya siku niliposhinda mashindano ya kulima kwa plau. Nimesimama na maksai, hata vifungo vya shati vinaonekana. Nilikuwa mwanaume mzuri, sikatai. Lakini kunywa uji huku unajitazama mwenyewe, shemeji, uji hauteremki.

Dawa za siku hizi ni mbovu, hiyo ndiyo sababu. Jenifer yeye anasema, "Babu, yaani dawa ya wadudu unampulizia bibi?" Na Mayala, yule mtani wangu, alikuja akakizunguka kichanja chote akasema, "Masunga, huyu mama alikuvumilia miaka yote ile akapona, umekuja kummaliza akiwa picha." Ni mtani, ningemfanya nini. Nilicheka. Alipoondoka nikaenda kukaa zizini.

Nilipanda bodaboda mpaka mjini Bariadi, kwa kijana mmoja anayetengeneza picha kwa kompyuta. Akaikuza, akaitazama, akasema, "Mzee, mwili upo, uso nitauweka. Nieleze tu alikuwaje."

Nikamwambia rangi yake maji ya kunde. Akasema sawa, na pua? Shemeji, mimi ninayeweza kukutajia maksai wangu wote tangu ujana, rangi zao na pembe ipi ilipinda, nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikashindwa kuitaja pua ya mke wangu. Macho pia nikashindwa. Kijana akanihurumia, akanionyesha nyuso za wanawake kwenye mashine, nichague inayokaribia. Nikamwambia sikuja kuoa. Nikachukua picha yangu nikaondoka.

Naona niliiachia karatasi kazi ya kumkumbuka, nikajisahau.

Kilichobaki ni kitambaa cha kichwani, mkono ulioshika usukani wa baiskeli, na viatu vyako. Asubuhi bado naiegemeza pale pale. Nausalimu mkono. Sijui nifanye nini kingine.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Mpiga picha alitoa mbili, na moja uliondoka nayo ulipoolewa. Itafute. Ukiipata, ifunge kwenye nailoni umpe Selestini akirudi, na usiipulizie kitu. Kama ilipotea mlipokuwa mnahama na ng'ombe, usinitumie maneno ya pole. Funga kitambaa kama alivyofunga yeye, kaa penye mwanga, upigwe picha. Watu walikuwa wakiwachanganya ninyi wawili hata kisimani. Ila usicheke, kwa sababu yeye hakucheka.

Na usikawie. Lile jicho la pili nalo limeanza ukungu. Sikutaka kulisema kule juu kwenye salamu.

Wasalimie mumeo, na Anna, na Maganga, na wajukuu ambao sijawaona. Hapa Mabula anakusalimu, Jenifer pia. Mungu akulindie goti lako na macho yako, ng'ombe wako wazae majike.

Kama unadhani nimetia chumvi kuhusu kichanja, muulize Selestini, picha alizishika kwa mkono wake. Mayala naye alikuwepo, na ingawa ni mwongo, hili atalisema lilivyo. Lakini kuhusu uso wa Nyanjige ulivyokuwa, shahidi niliyebaki naye ni wewe.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye bila kupungua,
Masunga