Baruti ya Baba Mkwe Isiyo na Jina

Mpendwa Shangazi Nyanchama, nisikilize kabla Jumapili haijafika, kwa sababu ikifika nami bado nimenyamaza, kuna mtu ataumia, na ulimi wangu ndio utakaokuwa umemuumiza.

Mimi ni Mkenya, nafundisha chuo kikuu hapa Durban, nimeolewa na Mkongomani anayeitwa Blaise, na tunaishi Morningside pamoja na baba yake, Mzee Anaclet, ambaye ndiye aliyenifundisha kuwinda, maana kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku na kabla ya kuja huku bunduki nilikuwa nimeiona kwa mlinzi wa benki tu, na sasa mimi na mzee tunatumia bunduki moja, kila mmoja na leseni yake, na baridi ikiingia tunapanda hadi shamba la uwindaji upande wa Pongola kutafuta swala. Shangazi, huyu mzee nampenda. Ndugu zake walipotaka Blaise aoe Mkongomani mwenzao, yeye ndiye aliyesimama akasema, "Huyu ni mtoto wangu, mwenye maneno aniletee mimi."

Basi mwaka huu tukaamua kuanza kujaza risasi wenyewe, yaani yale maganda matupu tuyatie baruti na kichwa kipya hapa nyumbani, nikaenda mafunzo, na kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kwamba baruti si sukari, kuna inayowaka haraka ya bastola na kuna inayowaka polepole ya bunduki ndefu, kwa macho zinaweza kufanana kabisa, na ukitia isiyofaa bunduki yaweza kupasuka mbele ya uso wako. Sijamaliza hata kuandika, mzee akaniletea kopo la zamani la kahawa, nusu yake baruti, halina lebo wala alama. Akasema, "Hii ilikuwa ya marehemu rafiki yangu Ladislas, alijaza risasi miaka mingi. Mama Agathe, mjane wake, alinipatia na mikono mbili. Tumia hii, binti yangu. Poudre ni poudre." Yaani kwake baruti ni baruti.

Ningesema nini, Shangazi? Mimi nimelelewa kwamba baba mkwe haambiwi hapana. Nikapokea, nikashukuru, nikalifungia kabatini, kisha nikaenda dukani kimyakimya, muuzaji akaniuliza bunduki ya aina gani, kichwa cha risasi kina uzito gani, akafungua kitabu cha vipimo akanionyesha baruti zilizokubaliwa kwa bunduki yetu, nikachagua moja yenye jina lake, nikaanza na kipimo cha chini kabisa, na mzee sikumwambia lolote.

Tukaenda Pongola, mzee akaangusha swala kwa risasi moja, akanikumbatia huku akipiga kelele, "Unaona! Poudre ya Ladislas iko muzuri sana!" Nami, Mungu anisamehe, nikasema ndiyo, baba. Sasa ameitangaza kanisani mpaka kwa wanakwaya, na mpwa wake Peguy, dereva wa lori kule Clairwood, amenunua bunduki yake, aina nyingine kabisa na yetu, na mzee amemwahidi lile kopo Jumapili baada ya ibada, akamwambia, "Jebet alijaribu, hakuna shida."

Blaise anasema niache kujitesa, nimwage ile ya zamani, nijaze kopo kwa baruti yetu ya dukani, Peguy apewe hiyo, mzee abaki na furaha yake. Nimelishika kopo, nimelirudisha, nimelishika tena. Nifanye hivyo?

Jebet, Morningside

SHANGAZI ANAJIBU:

Jebet, barua yako haikungoja zamu. Nilipofika kwa jina la Peguy nilisimama, nikatafuta namba yako nikakupigia, na wasomaji watanisamehe kwa kuwa nawaambia sasa kile nilichokwisha kukuambia wewe siku ile.

Kwanza nilikuambia upumue. Hakuna aliyeumia. Kopo lilikuwa bado kwako, limefungiwa, na ile baruti haijaingia kwenye ganda hata moja. Kuna watu huniandikia wakiwa hospitalini. Wewe uliniandikia ukiwa na nafasi, na ulivyokuwa unalia kwenye simu nilitamani nikukumbatie.

Halafu nilikugombeza, na sitaki kukuficha, nilifurahia. Mwalimu mzima wa chuo kikuu! Dukani ulifanya kila kitu sawasawa, ukachagua baruti kwa kitabu na kwa bunduki yako, si kwa maneno ya mtu. Kisha ukarudi nyumbani ukampa kijana wa watu maneno ya mtu. "Jebet alijaribu." Hujajaribu! Njia ya mwongo ni fupi, mama, na hii yako ilikuwa inaishia usoni kwa Peguy.

Na wewe Blaise, eish! Ati abadilishe iliyo ndani? Baruti inayofaa bunduki ya babako haina maana kwamba inafaa ya Peguy, mkeo ameandika wazi kuwa ni aina tofauti. Halafu kopo linabaki vilevile bila jina, linaingia nyumba nyingine, na mwakani anayelirithi naye anaambiwa poudre ni poudre. Mapenzi yako kwa babako nayaona. Akili ulikuwa umeiacha kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Berea.

Nilimwambia Jebet amwendee mzee siku hiyohiyo, wakiwa wawili tu, akae chini mbele yake, aanze na shukrani, kisha aseme. Heshima si utumwa. Alinipigia baadaye, sauti yake imebadilika kabisa, anacheka na kulia kwa pamoja. Alipomaliza kusema, mzee alivua miwani. Kisha akasema, "Binti yangu, hata mimi niliogopa hiyo kitu. Mama Agathe alinipatia na machozi. Ningetupa namna gani?"

Jamani! Mzee hakuwahi kuitumia. Swala alipoanguka alishangilia vile kwa sababu alidhani hofu yake imekwisha. Mzee Anaclet, shikamoo, baba, nakuheshimu sana, lakini kitu ulichoogopa kukitia kwenye mkono wako ukakitia kwenye mkono wa mkweo! Hapo ulikosea, na nafurahi hofu yako umemwambia mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Ile baruti msiinuse, msiifananishe na nyingine, msimpelekee mtu yeyote aikisie. Mpigieni yule muuzaji awaelekeze namna ya kuiondoa salama. Yenu ikae ndani ya kopo lake la dukani, na siku ya kujaza meza iwe na baruti moja tu. Peguy aambiwe ukweli na mzee mwenyewe, maana ahadi ilikuwa yake, kisha wewe Jebet umpeleke dukani na bunduki yake achaguliwe kwa kitabu kama ulivyochaguliwa wewe. Akinuna, anune. Kijana aliyenuna bado anaweza kuendesha lori.

Tulieni, mmeponea, mshukuruni Mungu. Lakini kuna jambo moja ambalo kwenye simu sikulifikiria, limenijia sasa ninapoandika, na gazeti hili likiwafikia muache chai mezani. Mtu aliyejaza risasi miaka yote ile kama Ladislas hafi akaacha kopo moja tu. Nendeni kwa Mama Agathe, wewe na mzee, mkae naye, mmpe pole ya mumewe tena, kisha mumuulize kwa upole ni akina nani wengine aliowapa makopo kama hilo.