Muziki wa Kompyuta ya Baba

Leeds, majira ya baridi, 1998

Kwa kaka yangu mpendwa Ouma,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hamjambo hapo Burumba? Mguu wa wifi Auma umepona? Mimi mwili uko sawa, ila roho haijatulia, na wewe ndiwe uliyeivuruga.

Barua yako imefika. Umeandika kwamba Baba, pale kitandani, aliisikiliza kaseti niliyotuma. "Mzee amefurahi sana. Amesema muziki ni ule ule kabisa." Niliposoma hapo nilikaa kwenye ngazi, koti bado mwilini.

Unajua nilivyohangaika nayo. Tangu radi iunguze ile kompyuta aliyopewa na bosi wake kule Malaba, Baba hakuacha kuutaja muziki uliokuja ndani yake, ule aliowapigia wageni wote, sauti tatu zikifukuzana huku mistari ya rangi ikicheza kwenye TV. Alipougua akauomba. Basi kila nikitoka kusafisha ofisi nilikaa kwenye kompyuta ya chuo, nikiuandika upya kwa lugha za programu za siku hizi, noti kwa noti, nikifuatisha kaseti uliyorekodi wewe zamani.

Sasa sikiliza. Baada ya kuituma, mwalimu wangu alitoa stoo kompyuta kama ile ya Baba akaiwasha, ikaupiga muziki wenyewe. Ouma, muziki ule ni wa polepole! Wangu unakimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Ndipo nikakumbuka siku uliyorekodi: betri za redio kaseti, ile isiyo na waya wa stima, zilikuwa zimekwisha, ukazianika juani zipate nguvu kidogo. Redio ikavuta kanda kwa uvivu. Huku natumia stima, kanda inakwenda kasi yake ya kawaida, kwa hiyo wimbo wote unakimbia, nami nikanakili mbio zile zile.

Baba hawezi kusema ni ule ule. Baba huyu huyu aliyesimama katikati ya ibada akamwambia mpiga ngoma, "Wewe, punguza! Unakimbia wapi na wimbo wa Mungu?" Na tangu lini amefurahi sana? Angesema, "Nabwire ameharibu. Mwambie arudie."

Bibi alipofariki mliniandikia kwamba anaendelea vizuri, mpaka matanga yakaisha. Mlisema mtu aliye mbali hapewi habari mbaya akiwa peke yake. Najua ni huruma. Lakini niko peke yangu vilevile, na usingizi umenikimbia.

Nimeshaurekebisha. Sasa unakwenda polepole, vile alivyoupenda. Kaseti iko hapa mezani na sijaipeleka posta.

Msalimie wifi Auma, na shangazi Nekesa wa Butula, mwambie sweta yake nimeshaipata. Msalimie Mama Zuhura, jirani yetu wa duka. Salamu za Baba nimeshindwa kuziandika. Niambie tu, kaka, mlimzika lini?

Ni mimi dada yako mdogo,
Nabwire