Mama, Usirudi Kabla Hujamaliza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja: sitaki kuwa daktari. Nataka kuwa mkutubi wa shule kama wewe. Nimeanza nalo kwa sababu nikilichelewesha nitaogopa, na barua yote itaishia kwenye habari za mvua.

Jumapili uliponipigia simu kutoka chuoni, ulisema umechoka. Somo la kompyuta linakushinda, na wenzako wa uzamili, ambao wengine ungeweza kuwazaa, wanakuita "bibi" wakikuona unachapa kwa kidole kimoja. Ukasema, "Labda nirudi tu nyumbani Masieda nifundishe kama zamani." Mimi nikanyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika, mama. Nilikuwa natafuta maneno, na nimeyapata leo.

Nakumbuka kile chumba kabla hakijawa maktaba. Kilijaa magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, na vitabu vilikuwa kwenye maboksi chini yake, panya wamevitafuna pembeni. Ulimwomba mkuu wa shule mpaka akachoka kukukatalia. Magunia yalipotoka, ukaweka beseni la maji na sabuni mlangoni, maana wengi wetu tulitoka kukamua asubuhi na mikono ilikuwa na mafuta. Tukanawa kwa foleni. Siku moja baba yake Safari, yule mwanafunzi mwenzangu, alikuja kumchukua mwanawe akachunge. Akaona watu wananawa, naye akanawa, akaketi, akauliza, "Haya mwalimu, nyama iko wapi?" Ulicheka mpaka ukashikilia rafu. Kisha ukamfungulia kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, Safari akamsomea, na mzee akaondoka peke yake, amesahau alichofuata.

Nami unanikumbuka. Darasani mwalimu akinitaja jina, nilisimama nikatazama viatu vyangu. Wewe hukunilazimisha. Ulinipa kazi ya kuwaeleza wa kidato cha kwanza kila kitabu kinahusu nini, nikawa nawanong'oneza mmoja mmoja. Ukaniambia, "Humu ndani sauti yako inatosha." Sijawahi kuambiwa hivyo mahali pengine.

Juzi nilikwenda bombani kuchota maji, nikamkuta jirani yetu Mama Petro na wenzake. Akanisimamisha.

"Hivi ni kweli mama yako anasoma miaka miwili mizima kupanga vitabu? Mbona mimi vyombo vyangu napanga na sina shahada?"

Wanawake wakacheka. Ningeweza kuchota maji nikaondoka, kama siku zote.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Hasomei kupanga. Anasomea kumtambua mtoto asiyeweza kuuliza, ili ampe kitabu anachokihitaji."

Kicheko kikaisha. Mama Petro akatua ndoo yake, akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona.

"Kumbe una mdomo wewe! Haya, msalimie mama yako. Mwambie asome."

Basi nimekuambia.

Najivunia wewe, mama. Umesimama mbele ya ubao miaka yote hii, halafu ukakubali kukaa tena kwenye dawati, mbali na nyumbani, ujifunze mambo ambayo hapa shuleni hakuna mwingine ayajuaye. Wakikuita bibi, itika. Kidole kimoja nacho hufika mwisho wa ukurasa, hata kama kinachelewa.

Ukirudi sasa nitakupokea, na begi lako nitabeba mimi. Lakini matokeo yangu ya kidato cha nne yakitoka, itabidi nimweleze Baba kazi ninayoitaka. Najua ataniuliza, "Nani huku kwetu ameisomea kazi hiyo mpaka mwisho?" Nataka nikutaje wewe.

Kwa hiyo nakuomba ubaki huko umalize, na nakuomba usimwambie Baba neno. Akiwa mnadani bado ananitambulisha kwa wenzake, "Huyu ndiye daktari wangu," na uso wake unang'aa kweli. Siku ikifika nitamwambia mwenyewe, kwa sauti hii hii ndogo. Mpaka hapo, liwe letu wawili.

Nakukumbuka kila siku.

Binti yako mkubwa