Tumbo la Kenge

Jumamosi, Bukundi

Waache waseme mwalimu wa baiolojia amerukwa na akili. Nimempasua kenge mbele ya ukoo mzima, na sijuti.

Baba mkubwa alimuua asubuhi zizini. Akatangaza kwamba kenge huyo ndiye anayenyonya ng'ombe wake, na kwamba aliyemtuma kwa uchawi ni mama yangu. Kisa ni mjane, na macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni.

Nikachukua kisu. Tumboni tulikuta panzi, miguu ya chura na maganda ya mayai. Maziwa, hata tone halikuwemo. Nikawaonyesha utumbo: mfupi, wa mla nyama. Mjusi wa kula majani angekuwa nao mrefu zaidi.

"Na mdomo huu mgumu, baba, unanyonyaje?"

"Umesoma sana," alisema, akaondoka. Hakuomba radhi.

Mama mkubwa ndiye aliyecheka. "Kumbe ndiye anayemaliza mayai yangu!"

Bado naogopa: huku wanawake wenye macho mekundu huitwa wachawi na kukatwa mapanga usiku. Nilimwomba mama tuhamie kwangu Bariadi, akakataa: "Hapa ndipo kwangu."

Basi nimetandika godoro mlangoni pake. Atakayekuja ataanza na mimi.