Kitanda Alichotutandikia Mama Mdogo Berlin

Scarborough, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekufaa? Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio umepigwa na butwaa tangu turudi kutoka Berlin, na nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nitalia tu.

Unajua mkweo Salimu alikuwa na mkutano wa kazi kule, tukawaacha watoto Pickering kwa wifi ili nami nimfuate tupumzike siku nne. Wiki tatu tulibishana tufikie wapi. Yeye alitaka karibu na stesheni kuu, mimi nikataka mtaa wenye bustani na hoteli yenye chai ya asubuhi. Tulisoma maoni ya watu tusiowajua, mpaka ya mashuka na lifti. Mdogo wako nilimkumbuka, wallahi. Nikajisemea anahudumia wazee kutwa, anachoka, tusimjazie nyumba. Tutampitia siku ya mwisho. Nikajiona nina adabu kweli. Huku hata jirani humwendei bila miadi, na mimi nimeshazoea.

Kumbe ulishamwambia tarehe. Sikulaumu, mama, ila ungenidokeza.

Siku ya nne tukagonga mlango, mkononi boksi la chokoleti. Mama Mdogo alifungua amevaa dera jipya. Akatazama nyuma yetu akitafuta mabegi. "Mmefikia wapi?" Salimu, ambaye hata mvua huigundua akishalowa, akamtajia hoteli, akaongeza kwamba ni nzuri na ni dakika kumi tu kwa miguu.

"Ni karibu," Mama Mdogo akasema. "Karibuni wageni."

Nilipokwenda msalani nikapita chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa mashuka mapya, juu ya mto kanga na kikoi vimekunjwa. Godoro lake yeye lilikuwa jikoni, limeegemezwa ukutani. Alikuwa amechukua likizo, mama. Siku zote nne alikuwa akipika na kutungoja, na sisi tuko mtaa wa nyuma tunapiga picha. Niliona aibu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni ulipolazwa.

Nikapiga magoti kumwomba radhi. "Radhi ya nini, mwanangu? Mgeni hulala apendapo." Akatumiminia chai kwenye vikombe vya kabatini. "Hotelini mnapata chai?" Salimu akacheka. Mimi nikakirudisha kikombe mezani.

Unamjua alivyo: Korogwe alikuwa akimsindikiza mgeni mpaka stendi, akangoja basi liondoke. Sisi alituaga mlangoni. "Karibuni tena Berlin," akasema. Berlin, mama. Hakusema nyumbani.

Tangu hapo nikimpigia anapokea vizuri, ananishukuru kwa kupiga, kama mtu wa ofisini. Hilo linaniumiza kuliko kama angenitukana. Nimeomba ruhusa kazini na Ijumaa naondoka peke yangu kwenda kwake. Salimu anasema natia chumvi, nami nimemwambia asinitafutie hoteli.

Nisalimie baba, kaka yangu mkubwa na mkewe, na shangazi wa dukani. Wajukuu wako wanakuamkia, kwa Kiswahili chao hicho cha kuungaunga.

Safari hii tafadhali usimwambie nakuja, asije akatandika. Akinifungulia, kitandani atalala yeye, na mimi nitalala jikoni kwenye lile godoro.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Mwanaidi