Samaki Aitwaye Namekush

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, miguu haikuumi. Je, huko Kitangari baridi imepungua? Na Kaka Hamisi ameshapulizia mikorosho dawa ya salfa, au bado anamngoja mwenye mashine? Mimi ni mzima. Huku Kanada ni kiangazi, jua linachelewa kuzama, na kambi yetu imejaa wageni waliokuja kuvua. Jikoni hatupumziki.

Kwenye simu uliniuliza yule samaki wa kwenye picha ni samaki gani, na kwa nini nilikuwa nimelowa vile. Kabla sijajibu simu ikakatika. Sasa nakueleza vizuri.

Yule ni trauti wa ziwani. Wageni wanaosema Kifaransa humwita tuladi. Lusi, mwenzangu wa jikoni, ni Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, na kwao anaitwa namekush. Ni wa kijivu, ana madoa meupe kama aliyerushiwa unga, na mkia umepasuka kama mkasi. Joto halipendi kabisa. Kiangazi kikifika hushuka chini kwenye maji ya baridi na giza, akala samaki wengine, hata watoto wa ukoo wake. Hukua polepole mno. Lusi anasema yule wetu huenda ana umri kama wangu.

Mama yake Lusi alikuwa mgonjwa. Tangu atoke hospitali alikataa kila chakula, hata uji. Siku moja akasema, "Nikipata supu ya kichwa cha namekush, nitakula." Lusi akaja kazini analia. Kambini haruhusiwi mtu kwenda ziwani peke yake, na wanaume wote walikuwa wametoka na wageni. Akaniomba mimi.

Mama, unanijua. Mtu niliyelelewa kwa maji ya ndoo, kuogelea ningejifunzia wapi? Lakini nilishindwa kumtazama akilia. Nikavaa jaketi la kuelea, nikapanda boti huku namtaja Mungu.

Tulishusha kamba yenye ndoana mpaka nikadhani ziwa halina chini. Asubuhi yote ikaenda bure. Mchana upepo ukaanza, mawimbi yakawa yanaipiga boti, Lusi akasema, "Turudi, Zainabu. Nitamwambia tumekosa."

Nikamwambia tujaribu tena kidogo. Basi kamba ikavutika, nzito, kama imenasa kwenye gogo. Kisha gogo likaanza kutembea.

Tulipokezana fimbo ya kuvulia mpaka mikono ikafa ganzi. Samaki alipoibuka nilimwinamia na wavu, boti ikalala upande, nikaingia majini kichwa na mabega. Maji yale yanaunguza kwa baridi, Mama. Lusi aliitupa fimbo, akalidaka jaketi langu kwa nyuma, akanivuta ndani. Wavu nilikuwa nao bado, na samaki yumo.

"Mbona hukuuachia?" akaniuliza akitweta.

"Mama yako angekula nini?"

Tukacheka huku tunatetemeka.

Tukampeleka mzima mzima mpaka kitandani kwa yule mama, na ndipo picha ile ilipopigwa. Alimwekea samaki kiganja ubavuni, akalitaja jina lake taratibu, "Namekush," kama anayemwita mtoto. Supu ilipoiva akanywa bakuli lote, akaomba nyingine. Lusi akageukia dirishani akifuta macho.

Halafu yule mama akanitazama, akasema maneno, Lusi akanitafsiria: "Wewe unapikia watu kutwa nzima. Nani anakupikia wewe?"

Nikainuka kukusanya mabakuli.

Siku hizi anatembea kwa mkongojo mpaka jikoni kwake. Kila Jumapili hutuma nikaitwe nikale kwao, na nikisita hunionesha sahani kwa kijiko mpaka niimalize.

Msalimie sana Mjomba Saidi wa Lisekese, aliyenisindikiza mpaka stendi ya Masasi. Msalimie Mama Rehema, dada yangu, na unibusie mwanawe. Mwambie Kaka Hamisi asimalize kuuza korosho zote, nazitamani.

Nimekuandikia haya kwa sababu najua ukilala unaniwaza. Yule mama naye amenipa salamu zako. Anasema: mwambie mama yako kwamba mtoto wake anakula.

Ni mimi bintiyo,
Zainabu