Mvinyo Mwekundu na Samaki

Dada Mumbua mpendwa,

Hamjambo huko Machakos? Mimi hapa Dubai bado siamini yaliyonipata. Leo mchana hapa hotelini ninapohudumu, mama mmoja mzee, Mwitaliano, aliagiza Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao, akaunywa huku akila samaki. Mara akakunja uso. "Umeharibika!" Meneja akanigeukia mimi niliyefungua chupa. Wiki jana tu mwenzetu Mganda alirudishwa kwao kwa lalamiko kama hilo.

Dada, mvinyo huo unadanganya. Rangi yake ni hafifu, unanukia mawaridi, lakini ukiingia kinywani unakaza ulimi kama ndizi mbichi. Tulipoonjeshwa jikoni nilitaka kuutema, mpaka mpishi aliponipa nyama ya ng'ombe yenye mafuta. Ukalainika papo hapo! Basi nikajisikia nikisema: "Madam, mvinyo ni mzima, ila hauelewani na samaki. Nikuletee nyama?"

Meneja alinikodolea macho. Hata mimi nilijishangaa.

Nyama ikaja. Mama akatafuna, akanywa, akanywa tena. Kisha akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Marehemu mume wangu aliniambia hivyo hivyo miaka yote," akasema, "nami nikimbishia."

Alipoondoka, meneja akanikabidhi funguo za chumba cha mvinyo. Mimi, ambaye hata divai ya kanisani hunipalia!

Nibusie watoto, na umwambie Mama asiwe na wasiwasi, nakula vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Kanini